Tundu Aliloliacha Kuruthumu

Leo namsema Bi Kuruthumu, na namsema hadharani, maana mambo ya siri yameshanitosha. Nitaanza kwa kumsifu, kwa sababu sifa anazo na mimi si mchoyo. Halafu nitasema alichonifanyia, na hapo sitampunguzia hata neno moja.

Kazaliwa mtaa wa Gerezani, baba yake kuli wa bandarini, mama yake mkaanga samaki soko la Feri. Shule aliishia darasa la saba. Alipoanza kujitafutia akaenda kwa mzee Chandu, Mhindi mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Uhuru, akapewa kanga za kutembeza kichwani nyumba kwa nyumba. Huko majumbani ndiko alikojifunza kwamba mwanamke hanunui kanga kwa rangi peke yake. Ananunua jina, yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo, na kila jina lina mtu wake wa kuvaliwa: mke mwenza, jirani, mume aliyesahau njia ya kurudi. Kuruthumu akawa anarudi dukani na kumwambia mzee Chandu majina ambayo wanawake wanayatafuta na hayapo. Mzee akayapeleka kiwandani India, yakachapwa, yakaja, yakaisha. Mwisho akaacha kutembeza, akapanga fremu yake mwenyewe ya duka, na akawa anachora pindo, anachora mji, ile sehemu ya katikati, anatunga na jina, vyote kwa mkono mmoja. Ukiona kanga inayokufanya usimame barabarani usome hadi mwisho, kuna uwezekano mkubwa katunga yeye.

Mtaji wake haukuwa kitambaa. Kitambaa Kariakoo nzima wanacho. Mtaji wake ulikuwa yale ambayo wanawake walimweleza. Mwanamke akichokozwa nyumbani kwake, alimtumia Kuruthumu ujumbe mrefu usio na haya, nani kasema nini, nani kacheka, nani kanuna, na Kuruthumu akatoa humo jina. Hakuwahi kupeleka la huyu kwa yule. Ukimuuliza hili umemtungia nani, anakwambia, "Nimemtungia atakayelinunua." Kwa hiyo tulimwamini. Siku ambayo wanawake wangeacha kumwamini, fremu ile ingebaki na marobota ya nguo kama fremu nyingine zote.

Mimi naitwa Zulekha. Nauza nyuzi, vifungo na lesi kwenye meza iliyo barazani pa fremu yake, namwona akifungua na namwona akifunga. Ndiyo maana najua pia ubaya wake. Kuruthumu hasamehi, anaahirisha. Bwana mmoja wa Feri aliwahi kumuuzia samaki walioharibika, na alipowarudisha akamwita mjane mwenye gubu mbele za watu. Hakumjibu. Alikaa kimya mpaka yule bwana alipomuoza binti yake, na siku ya shughuli wanawake wa upande wa bwana harusi wakaingia wote na sare yenye jina "Tumekuja kuoa, samaki wenu hatuli." Yule bwana hapiti mtaa wetu hadi leo. Nami nilicheka siku hiyo, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Michoro siku hizi haipelekwi kwa mkono. Kuruthumu alinunua kompyuta ya mtumba Mtaa wa Aggrey, na fundi aliyemuuzia akamfanyia hisani ambayo mafundi wengi wa pale huwafanyia wateja wao. "Mama, nimekuzimia apdeti zote," akamwambia. "Zinakula bando bure." Kuruthumu akamnunulia soda. Na nani asingemnunulia? Hapa mjini bando linapimwa kama unga, na kinacholila bila kukaribishwa kinafukuzwa. Basi ile programu ya kufungulia mtandao, ambayo wenyewe tunaiita brauza, ilipomwonyesha kijitangazo kwamba imepitwa na wakati, alibonyeza "Baadaye" kama anafukuza nzi. Humo kwenye brauza ndimo alimofungua barua pepe za kiwandani. Humo pia ndimo alimofungua WhatsApp, kwa sababu macho yamechoka na maandishi ya simu ni madogo. Ujumbe wetu wote, wa miaka yote, ulikuwa humo.

Sasa Abbasi. Huyu alikuja Kariakoo hana hata ndala za maana. Kuruthumu akampa kazi ya kubeba marobota, akamfundisha kujua kitambaa kwa kidole, akamfundisha rangi ipi inauzika Tanga na ipi inauzika Dodoma, akamsaidia hadi mahari. Alipopata fremu yake upande wa pili wa mtaa aliendelea kumwita Kuruthumu mama, na kila Idd alimletea sahani ya biriani imefunikwa kwa kitambaa. Tulimsifu kwa adabu. Adabu yenyewe ndiyo hiyo nakwenda kuieleza.

Mwaka jana Kuruthumu alichora kanga ya vikombe na birika, na kabla mzigo wake haujafika, Abbasi akaitoa. Pindo lile lile, mji ule ule, jina lile lile: "Nimepika mwenyewe, harufu isikuume." Wateja wakaja kumuuliza Kuruthumu mbona siku hizi anamuiga Abbasi. Kuruthumu, amuige Abbasi! Ikatoka ya pili. Ilipotoka ya tatu nilimwona amekaa kwenye kiti chake midomo imemkauka, nikamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, anahesabu watu wanaoingia kwake, na hakuna jibu linalomtosha.

Aliyeligundua tundu ni Mansi, mjukuu wa mzee Chandu, anayeangalia kompyuta za duka la babu yake. Siku hiyo nilikuwa nje nampimia mteja lesi na sikusikia neno. Haya niliyapata baadaye kwa Mansi mwenyewe, alipokuja kuniomba radhi kwa kosa lisilo lake.

"Shikamoo Bi Kuru."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hiki kidude. Kuna mtu ananiibia na simuoni."

Mansi akaangalia, akauma mdomo. "Bi Kuru, hii brauza haijaguswa tangu uinunue. Nani kazima apdeti?"

"Fundi. Zinakula bando."

"Na hii linki hapa, uliifungua?"

Ilikuwa imetoka kwa Abbasi, na maneno ya upole juu yake: Mama, hebu cheki mitindo mipya hii.

"Niliifungua. Picha za vitenge tu. Sikubonyeza kitu kingine, naapa."

"Hukuhitaji kubonyeza, Bi Kuru. Kwa brauza ya zamani hivi, kuufungua tu ule ukurasa kulitosha."

Akamweleza. Wanaotengeneza brauza wakigundua tundu, wanalitengenezea kiraka, kisha wanatangaza kwamba kiraka kipo. Tangazo hilo wezi nao wanalisoma. Kuanzia hapo kila mwizi anajua tundu lilikuwa wapi, na anachofanya ni kuzunguka kutafuta waliobonyeza "Baadaye." Abbasi mwenyewe hajui hata kuandika barua pepe bila kuomba msaada, lakini alimlipa mtu anayejua. Ukurasa wa vitenge ulipita kwenye tundu, ukaacha kitu ndani, na tangu siku ile kila alichokifungua Kuruthumu, Abbasi alikiona.

"Sasa naapdeti," Mansi akasema. "Halafu nasafisha kila kitu, tunabadilisha na paswedi zote. Bando nakupa mimi."

Kuruthumu akamshika mkono. "Usiguse."

"Bi Kuru!"

"Usiguse, mwanangu."

"Humu hamna mambo yako peke yako. Kuna meseji za watu. Basi angalau tuitoe WhatsApp."

"Nikiitoa atajua nimeshtuka. Mwizi akikuta nyumba imehamwa haingii tena. Mwache aingie. Nataka aingie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka avimbiwe."

Mansi ni binti wa watu mwenye adabu, na Kuruthumu alimlea mbele ya macho ya babu yake. Akanyamaza. Namlaumu kidogo kwa kunyamaza, lakini kidogo tu.

Kuanzia siku hiyo Kuruthumu alifanya kazi zake za kweli kwenye kompyuta ya Mansi, na ile ya kwake akaiacha wazi kama chambo. Idd ilikuwa inakaribia, msimu ambao kanga moja ikishika inalipa kodi ya mwaka mzima. Akachora mchoro ambao sijaona mfano wake: pindo lililochorwa mfano wa zari, zile nyuzi za dhahabu, mji wenye makomamanga yaliyopasuka, na jina "Mlango upo, dirishani wafuata nini?" Akautuma kiwandani kwa kompyuta ile ile yenye tundu, akaandika na maneno ya kuringa, kwamba hii ndiyo kanga ya Idd na mwenye macho ataona. Abbasi aliona. Alikimbia nao kwenye kiwanda anachochapishia yeye kabla wino haujakauka, akachukua maagizo ya wateja wa mikoani, akapokea na hela zao.

Kuruthumu akasubiri siku ya mwisho ambayo mzigo ukichapwa unawahi meli na unawahi Idd. Ilipofika akatuma mchoro mwingine. Aliandika hivi: "Nimepunguza wekundu wa pindo, ule wa kwanza unachuja. Chapeni huu, ule utupeni." Pindo lile lile, makomamanga yale yale. Jina tu ndilo alilolibadilisha, na kiwanda chake alishakiambia kwa kompyuta ya Mansi kisichape wowote kati ya hiyo. Abbasi, kwa hofu ya kuchapa kanga inayochuja, akaurusha mchoro mpya mbio kwa watu wake. Kiwandani walimrudishia picha aikubali, lakini kwenye simu jina huonekana kama mstari wa sisimizi, na watu wa kule hawajui Kiswahili. Akawajibu wachape. Hilo tulikuja kulisikia siku alipogombana na kiwanda kwa simu katikati ya mtaa, shati limelowa.

Siku marobota yalipofika, baraza la Abbasi lilijaa. Walikuwepo wateja wa Tanga, wa Morogoro, machinga wamesimama pembeni, kuli wanadai malipo yao. Kuruthumu alinivuta mkono. "Zule, acha vifungo. Njoo tuangalie kanga ya Idd." Nilimwona anavyotabasamu, nikajua kuna mtu leo hali chakula chake kwa raha, ila sikujua ni nani wala ni kwa nini.

Kamba zikakatwa. Abbasi mwenyewe akachomoa doti ya kwanza, akaitandaza juu kwa mikono miwili ili watu waone makomamanga. Yeye alikuwa nyuma ya kitambaa, sisi tulikuwa mbele. Mteja mmoja wa Morogoro anaitwa Matilda, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, akasoma kwa nguvu kama kawaida ya wanunuzi wanapopima jina: "Mchoro wa Kuruthumu, mwizi ni Abbasi."

Matilda akasoma tena, polepole, akidhani kakosea. Ndipo mtaa ukapasuka. Wanawake walipiga vigelegele, machinga walipiga miluzi, simu zikatoka mifukoni. Abbasi aligeuza kanga akaisoma, akachomoa nyingine, akachomoa nyingine, zote zilikuwa zinamwita kwa jina lake. Akajaribu kuzirudisha ndani, watu wakazishika upande wa pili. Wateja walikuwa wameshalipa na wengine sasa walizitaka kweli, waende nazo kwao wakacheke. Kuruthumu alivuka mtaa, akatoa hela taslimu, akanunua doti moja mkononi mwa Abbasi, akajifunga hapo hapo mbele yake. Abbasi alisema neno moja tu, "Mama," na Kuruthumu akampa mgongo ili asome vizuri.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Sina haja ya kujifanya mwema. Mtu uliyemlisha akakuuma anastahili zaidi ya hapo, na kama ningeambiwa nichague adhabu yake ningeongeza chumvi. Jioni ile Kuruthumu akanisimulia mtego wote, mchoro wa kwanza na wa pili, huku tunakunywa chai ya tangawizi. Kuhusu tundu alisema tu kwamba alijua Abbasi anapopitia. Kwamba ndani ya njia ile ile mlikuwamo na maneno yangu, hakulisema.

Abbasi alilala na aibu yake siku moja. Kesho yake adhuhuri akafungua alichokuwa nacho. Michoro ilikuwa imeshamponza, basi akachukua kile kingine, ujumbe wetu, wa kila mwanamke aliyewahi kumlilia Kuruthumu, akaumwaga kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kariakoo, ya Ilala, ya misikiti na ya vikoba, na majina na namba za simu juu yake. Mke wa mtu mwenye heshima zake aliyeeleza mumewe analala wapi. Bibi harusi aliyemsema mama mkwe kabla hata hajaingia ndani. Kabla ya magharibi wanawake wawili walikuwa wameshapigwa, na mmoja kafungiwa mlango na watoto wake nje.

Na mimi. Nilikuwa nimeandika siku moja ya hasira, mwezi wa Shaabani, kuhusu wifi yangu Chiku anayeishi nasi. Niliandika, "Kaachika mwenyewe, sasa hapumziki mpaka na mimi niachike. Na Rajabu hana masikio, ana dada." Nilimtumia Kuruthumu, akanijibu kwa kicheko, akaniambia ninywe maji nilale. Nililala, hasira ikaisha, na Chiku asubuhi yake alinisaidia kufua. Maneno yale yalikuwa yameshakufa. Abbasi akayafufua, na mume wangu akayasoma akiwa amekaa na wenzake wanacheza bao.

Alirudi nyumbani hajapandisha sauti. Angepandisha ningejua la kufanya. "Kumbe mimi sina masikio," alisema. "Basi chukua nguo zako uende Magomeni kwa mama yako, ukazungumze na wenye nayo." Chiku alikuwa amekaa jikoni analia, na kilio chake kiliniuma kuliko maneno ya Rajabu. Mwanangu Husna kabaki kule kwa ajili ya shule. Namwona Jumapili, analetwa na Chiku, na Chiku anasubiri nje ya geti, haingii.

Abbasi ameshtakiwa, na namuombea mabaya yote, asubuhi na jioni. Biashara yake imekufa, na mke wake karudi kwao kama mimi. Sina tatizo na lolote katika hayo. Shida yangu ni kwamba nikimaliza kumlaani Abbasi bado nabaki na hasira, na hasira hiyo inajua njia ya kwenda fremu nyingine.

Kwa Kuruthumu sasa hakuna anayeingia. Wanawake wanapita wakiangalia upande wa pili. Nasikia amekaa pale na kompyuta yake, sasa imesafishwa na inajiapdeti yenyewe kila inapotaka, inakula bando inavyopenda. Juzi alikuja Magomeni kuniona, kabeba mchele na sukari. Mama yangu akamkaribisha jamvini akatuacha.

"Zule, nimefunga kila kitu," alisema. "Mansi kasema hapiti mtu tena."

"Bi Kuru, siku Mansi alipokwambia uzitoe meseji zetu, mimi nilikuwa hapo nje kwenye meza yangu. Ulinisahau?"

Nilitaka aseme ndiyo. Mtu aliyesahau nilikuwa nimeshajiandaa kumsamehe, nilikuwa na maneno yake tayari mdomoni.

Aliangalia mikono yake. "Sikukusahau," alisema. "Nilikuwa nakuona mlangoni unapima lesi. Nikasema moyoni, siku chache tu, Zule hatadhurika. Nilitaka kumnasa Abbasi, Zule. Nilimtaka mpaka nikawa sioni kingine."

"Lakini mimi uliniona."

"Nilikuona."

Akausogeza kwangu ule mchele na ile sukari.

"Nitakutungia jina," Kuruthumu alisema. "La bure, doti nzima bure. Unalotaka wewe. Hata la wifi yako."

"La wifi silitaki. Chiku hajanikosea. Nitungie la kwako."

"La kwangu?"

"Si unatunga? Tunga hili: Kuruthumu alijua. Nitalivaa Kariakoo, nitapita nalo Mtaa wa Uhuru wote."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga yake, na sikumbembeleza. Nilikaa nikamwangalia alie. Alipomaliza akajiweka sawa, akakohoa, na kwa kuwa hajui kazi nyingine duniani, akaniuliza nataka rangi gani. Nikamwambia nyeupe, ili maandishi yasomeke toka mbali.